Spika na Yule Aliyetoroka Peke Yake

Mume wangu ana domo, jamani. Nasema kwa mapenzi, na yeye mwenyewe anajua. Mji mzima unamwita Spika, hata mama yake siku hizi anamwita hivyo. Kazi yake ni kutangaza. Duka likishusha bei anaitwa, mtoto akipotea sokoni anaitwa, mtu akifariki mtaa wa pili anapita na kile kigari chetu chenye vipaza sauti viwili juu ya paa, anahuzunika kwa sauti nzuri mpaka wafiwa wenyewe wanamwonea wivu. Mimi ni fundi redio. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiyo karakana yangu, na kila chombo anachopigia kelele nimekifungua na kukifunga kwa mikono yangu. Akisema upuuzi, lawama ni yake. Mtambo ukikoroma, lawama ni yangu. Tumeishi hivyo miaka mingi na watoto wetu pacha wamekua wakijua kulala kwenye makelele.

Tukiwa na amani namwita Baba Pacha. Wiki ya mbio za baiskeli hatuna amani.

Mbio zenyewe ni za siku moja tu, lakini ni siku ndefu. Waendeshaji wanaondoka mjini kabla jua halijatoka, wanazunguka tambarare, wanapanda milima yote ile, wanarudi alasiri wakiwa wamekonda. Ni watu wa kulipwa, timu za viwanda na mabenki. Spika ndiye mtangazaji wa mstari wa kumalizia, na kituo cha redio cha mji huunganisha waya kwenye maikrofoni yake, kwa hiyo anasikika njia nzima, kila kibanda chenye redio. Ukimpa mtu kama huyo watu wote hao wa kumsikiliza, wiki nzima kabla yake halali vizuri. Na mimi silali, maana anafanya mazoezi.

Jambo linalomkosesha usingizi ni moja: nani anajua kutoroka peke yake. Katika mbio za siku moja hakuna kusema nitalipiza kesho, kwa hiyo kila mtu anamngoja yule atakayechomoka kwenye kundi, awaache wenzake, akae na upepo peke yake mpaka mwisho. Kutoroka wanatoroka wengi. Kufika peke yako ndiyo shughuli. Mume wangu na kinyozi wa ng'ambo ya barabara wameligombania suala hilo mpaka wateja wamewahi kuondoka na nusu ya ndevu.

"Saruji!" mume wangu anapiga kelele kutoka barazani kwetu. Saruji ni yule mkubwa wa timu ya benki, ana mapaja kama magogo. "Saruji anaondoka mapema, wenzake bado wanatafuna ndizi! Anaondoka barabara ikiwa tambarare, kila mtu anamwona, na hawamwezi!"

"Hawamwezi wapi?" kinyozi anajibu, wembe juu. "Mwaka juzi walimkamata pale kwenye mlango wa mji, ulimi nje! Huyo anatoroka mapema kwa sababu hajui hesabu. Sema Mwanasheria!"

Mwanasheria ni mwembamba, wa timu ya kiwanda cha rangi. Hasemi na mtu. Anasubiri wenzake wote waanze kuhema, anasubiri tena, halafu anaondoka mara moja tu kwenye kilima cha mwisho na hageuzi shingo.

"Huyo anaokota walivyoangusha wengine," anasema mume wangu. "Mpe nusu ya siku akae mbele peke yake uone kama hataita mama."

"Na Saruji wako mpe kilima uone kama hatateremka asukume!"

Basi. Asubuhi hadi jioni. Wakichoka kupigizana kelele, mume wangu anahamia kwenye meza yangu ya kazi na kunivurugia spea. Swichi kubwa ya kuzungushia sauti anaifanya Saruji. Fyuzi ya kioo anaifanya Mwanasheria, kwa kuwa inaungua mara moja tu. Anazisogeza juu ya meza, huyu ana nguvu za kuondoka, huyu ana roho ya kukaa, huyu akitoroka na mvua hafai. Kisha anaokota kipande cha mpira kilichobanduliwa kwenye waya, anakiweka nyuma kabisa karibu na kipande cha mshumaa.

"Na huyu shemeji yangu," anasema.

Shemeji yake ni ndugu yangu, mdogo wangu wa tumbo moja. Yuko timu ya kiwanda cha sabuni. Waendeshaji wenzake wanamwita Pazia, kwa kuwa kazi yake ni kukaa mbele na kuwakinga wakubwa na upepo, na wakishapumzika vya kutosha wanampita na yeye anabaki nyuma anafuta jasho. Miaka yote hiyo hajawahi kutoroka hata mara moja.

"Nampenda sana," mume wangu anasema, mkono kifuani. "Lakini ukimwambia atoroke, kwanza ataomba ruhusa."

Nilimrushia bisibisi. Haikumpata, na nilijuta kwamba haikumpata.

Siku moja kabla ya mbio, mchana, mdogo wangu akaja karakana na redio. Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Nikaichomeka redio, ikaimba vizuri kabisa, hata mkwaruzo hakuna.

"Mbona nzima hii?"

"Najua, dada."

Nikaizima, nikamtazama. Mtu mzima anakuletea redio nzima, ana neno.

"Timu inapunguza watu," akasema. "Kocha ameniita. Anasema wa kukinga upepo anao wengi, tena vijana. Anasema kesho nimwonyeshe naweza kuondoka peke yangu, mara moja tu, hata kama nitakamatwa. Nisipoweza, Jumatatu nirudishe baiskeli, nipewe kazi ghalani, kupakia katoni."

"Na wewe unaweza?"

Akachezea waya wa redio. Ana mikono mikubwa na miguu kama ya korongo, ndugu yangu, na tangu utotoni ukimuuliza swali gumu anatafuta kitu cha kushika. "Nimejaribu mazoezini," akasema. "Nikitoka mbele peke yangu, miguu inakuwa kama si yangu. Sijui, dada. Nakosa sababu."

Roho iliniuma. Ile baiskeli ndiyo maisha yake. Hajui kitu kingine, na kwa kweli hataki kujua.

"Usimwambie shemeji," akasema akiinuka. "Atatangaza."

Siku ya mbio tukafunga mitambo chini ya turubai, hatua chache kutoka mstari wa kumalizia. Jenereta nyuma, amplifaya juu ya kreti, mume wangu mbele na fulana mpya na shingo imetuna. Utaratibu wetu ni rahisi. Binamu yake anafuata mbio kwa pikipiki. Yeye ndiye anayebeba ule ubao wa kuwaonyesha waendeshaji nani yuko mbele na kwa dakika ngapi, maana mbio hizi haziruhusu vidude vya masikioni. Akishaandika ubao, ananipigia simu. Simu inakaa mfukoni mwa aproni yangu. Mimi namnong'oneza Spika, Spika analipuka. Bila mimi na binamu, yule mtu hajui kinachotokea barabarani zaidi ya unavyojua wewe.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Saruji akachomoka, akarudishwa. Vijana wawili wakachomoka, wakarudishwa. Ndugu yangu yupo mbele ya kundi, anakinga upepo. Kila binamu alipopiga simu niliuliza, "Na Pazia?" na kila mara akanijibu, "Anavuta."

Wakaingia milimani na simu ikanyamaza.

Milimani mtandao hushika na kuachia, hilo tumelizoea. Lakini safari hii ilikuwa kimya cha kuzidi. Kumbe juu kule kulikuwa na mvua na ukungu, watu wakateleza kwenye mteremko, kundi likakatika vipande, na binamu yetu naye akapata pancha akawa ameinama kando ya barabara anatafuta kiraka. Gari la waamuzi likabaki nyuma na walioanguka. Sisi huku mstarini hatujui lolote. Jua linawaka, watu wamejaa, na redio inataka maneno.

Spika akaanza kulinganisha. Akamlinganisha Saruji na Mwanasheria. Akawalinganisha wakiwa wameshiba, wakiwa na njaa, kwenye lami, kwenye changarawe, upepo wa mbele, upepo wa ubavuni. Akalinganisha jinsi wanavyoondoka: huyu anainuka kwenye kiti, yule anaondoka amekaa ili msijue. Akafika mpaka kulinganisha vigimbi vya miguu yao. Nikagusa simu mfukoni. Baridi. Kinyozi alikuwa amekuja kusimama mstari wa mbele kabisa, anapiga mluzi kila likitajwa jina la Saruji.

Mkuu wa kituo cha redio akainama chini ya turubai. "Spika, watu wanahamia kwenye mpira. Tupe kitu chenye mwendo."

Nilimwona mume wangu akimeza mate. Nikamjua. Mwanamke anamjua mumewe anapotaka kudanganya, shingo ya mume wangu hurefuka.

"Subirini!" akapaza. "Subirini, mabibi na mabwana! Kuna mmoja! Mmoja amechomoka! Yuko mbele! Yuko mbele peke yake!"

Ala! Nikaishika simu, isije ikawa nimepitiwa. Haikuwa imelia. Nikamfinya paja kwa nguvu zangu zote, na nina vidole vya fundi mimi.

"Aaaaah!" akapiga ukelele, na umati mzima ukapiga naye, ukidhani ni msisimko.

"Ni nani?" watu wakauliza. "Ni nani huyo?"

Hapo ndipo ujanja wake ulipo. Hataji jina hata siku moja kabla ya kumwona mtu kwa macho. "Ukungu!" akasema. "Ukungu umemfunika namba! Lakini tazameni anavyokwenda! Dakika tatu! Amelala juu ya usukani, hatazami nyuma, mvua inampiga, upepo unampiga, hana mwenzake, hana msaidizi, yuko yeye na barabara!"

"Hatazami nyuma! Ni Mwanasheria!" kinyozi akaruka.

"Ni Saruji, dakika tatu mtu mwingine aweze wapi!" akajibu muuza magazeti, na mara wakashikana mashati. Sijawahi kuona watu wazima wakipigana kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

"We Baba Pacha," nikamnong'oneza, "akitokea kundi zima hapa utasema nini?"

Akafunika maikrofoni kwa kiganja. "Nitasema amekamatwa. Wanakamatwa kila siku."

Na ni kweli, wanakamatwa kila siku.

Yaliyokuwa yakitokea barabarani nilikuja kuyasikia kwa wenyewe. Walioteremka mlimani wakajikusanya tena, wameloa, hawajui nani kaanguka na nani hakuanguka. Ubao hawauoni. Wakapita kwenye vibanda vya njiani na kila kibanda redio iko wazi, kila mtu anawapigia kelele, "Mmoja yuko mbele! Peke yake! Dakika tatu!" Wakatazamana. Saruji akamwambia Mwanasheria, "Mfuate." Mwanasheria akamwambia Saruji, "Mfuate wewe." Hakuna aliyekubali kujichosha ili mwenzake aje amwibie mwishoni. Na hapo Pazia, aliyekuwa mbele kama kawaida yake, akasimama kwenye pedali akaondoka.

Hawakuamini. Halafu wakacheka. Saruji mwenyewe ameniambia kwamba alimpigia kelele, "Nenda Pazia, ukimpata mshikilie hapohapo tukukute!" Wakaona vizuri, huyo atachoka kwa niaba yao. Wakaendelea kubishana nani avute, mwendo ukapungua, na mdogo wangu akakata kona wasimwone tena.

Simu yangu ikalia. Ilikuwa karibu nianguke na kreti.

"Nimeziba pancha!" binamu anahema. "Nimekata njia ya mkato, niko kilima cha mwisho. Amepita hapa Pazia! Peke yake! Wengine siwaoni hata kwa mbali!"

"Sema tena."

"Pazia! Ndugu yako! Anakwenda kama kaiba!"

Nikamvuta mume wangu shati. "Pazia yuko mbele peke yake."

Akanitazama kwa huruma. Kwa huruma, jamani! Akafunika maikrofoni. "Mama Pacha, najua una hasira na mimi. Lakini hii ni redio. Siwezi kutangaza habari ya kupika."

"Wewe? Wewe ndiye wa kuniambia hivyo?"

"Mimi sikutaja jina," akasema. "Ukitaja Pazia watu watanicheka mwaka mzima. Yule hatoroki. Kila mtu anajua."

"Na ndiyo maana kazi yake inakwisha Jumatatu!" nikasema. "Kocha alimwambia atoroke leo au arudishe baiskeli! Amejaribu, binamu amemwona, na wewe unakataa hata kutaja jina lake!"

Akafungua mdomo. Sikungoja kilichomo. Nilimnyang'anya maikrofoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mji mzima ukanisikia mimi. Nilisema, "Ni Pazia. Ni mdogo wangu. Asiyeamini aje hapa nimfinye."

Wakacheka kweli. Kinyozi alicheka mpaka akakaa chini. Walikuwa bado wanacheka alipotokea mwisho wa barabara, mmoja, mweusi kwa tope toka kofia mpaka viatu, amelala juu ya usukani. Nyuma yake barabara tupu. Watu wakanyamaza kwanza, nadhani walikuwa wanasoma namba, halafu zikalipuka kelele ambazo amplifaya yangu haijawahi kuzitoa.

Mume wangu akanipokonya maikrofoni na kulia. Alilia hewani, kila redio ilimsikia. "Shemeji yangu!" anasema. "Shemeji yangu huyo!"

Na shemeji yake akapita mstari bila kuinua hata kidole. Hakutazama umati, hakupunguza mwendo. Akapita kama anapita kijiji chochote, akazidi kukanyaga, akateremka barabara ya benki, akapotea. Mwamuzi mwenye bendera akabaki amegeuka nyuma mdomo wazi.

Tukakimbia. Mimi na aproni yangu, mume wangu na maikrofoni mpaka waya ukamwishia akaiachia, kocha wa kiwanda cha sabuni nyuma yetu na kitambi chake. Tulimkuta kwenye njia panda ya mbele, ameegemea nguzo ya taa, anatetemeka miguu, anatazama barabara ya kushoto, anatazama ya kulia.

Kocha akamkumbatia na tope lake lote. "Baiskeli hiyo hairudi kokote!" akasema. "Umesikia? Jumatatu njoo tuandikiane mwaka mwingine. Ulikuwa umeuficha wapi moyo huo wewe?"

Mdogo wangu akatikisa kichwa, hata sidhani alisikia. Alinishika mkono. "Dada, amepita njia ipi?"

"Nani?"

"Yule wa mbele. Nimemfukuza toka mteremkoni, sijamwona hata mgongo. Watu wote wanasema yuko mbele peke yake, dakika tatu." Akakohoa tope. "Sikumfuata ili nimshinde, dada. Redio zilikuwa zinasema hana mwenzake, hana msaidizi, mvua inampiga. Na upepo wa leo niliuonja mimi. Nikasema nikimfikia nitakaa mbele yake, apumzike kidogo."

Kocha akatazama chini. Mume wangu alikuwa amesimama kando yangu, kifua kinapanda na kushuka, na mimi nilimsubiri aseme kitu, chochote, kama anavyosema siku zote. Hakusema.

"Alifika?" mdogo wangu akauliza.

Nikamfuta tope la machoni kwa ncha ya aproni.

"Amefika," nikamwambia. "Amefika salama."